Kuthamini Mali ya Maiti Kabla ya Kuigawa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mrithi wa mbingu na ardhi na vyote vilivyomo. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya haya.

Ndugu zetu Waislamu, ilimu ya mirathi ni katika ilimu ambazo watu wa pwani yetu hawakuziacha. Hata mtu asiyesoma sana ajua kuwa mke aliyefiwa na mume mwenye watoto apata thumni, na kuwa mtoto mwanamume apata mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Mtu akifa, hazipiti siku nyingi ila mafungu yamekwisha kuhesabiwa. Lakini liko jambo litangulialo hesabu ya mafungu, nalo twalipita kama kwamba si katika dini. Jambo lenyewe ni kujua mali ya maiti ni kiasi gani, na ina thamani gani leo. Tukisema mama apate thumni, yapasa tujiulize: thumni ya nini? Fungu laweza kuwa sahihi na haki isimfikie mwenyewe, mfano wa mfanyabiashara ahesabuye pima kwa uaminifu na hali pima yenyewe imekatwa.

Mwenyezi Mungu katika Suratu Nnisaa, aya ya 7, ametujulisha kuwa wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, kikiwa kichache au kikiwa kingi, nalo ni fungu la lazima. Mtu atajuaje kuwa ametoa fungu la lazima katika kitu asichojua ukubwa wake? Na katika aya ya 2 ya sura hiyo hiyo Mola ametukataza kubadilisha kibaya kwa kizuri katika mali ya mayatima. Wafasiri wameeleza kuwa walikuwako watu wakimtwalia yatima mbuzi aliyenona wakamwekea aliyekonda, kisha wakisema: mbuzi kwa mbuzi. Idadi ilikuwa sawa. Thamani ndiyo iliyoibiwa. Basi dhuluma ya thamani ni dhuluma ya zamani, nayo Kurani imekwisha kuitaja.

Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi hawakuliacha jambo hili wazi. Mali ya maiti ina haki zifuatanazo: gharama za maziko yake, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha ndipo warithi. Na katika kila daraja thamani yahitajiwa. Madeni hayajulikani kuwa yamelipika mpaka ijulikane mali yatosha au haitoshi. Na mahari ambayo mume hakumlipa mkewe ni deni katika hayo madeni, si jambo la kungoja hisani ya watoto. Thuluthi ya wasia haijulikani mpaka ijulikane mali nzima, na Imam Nawawi katika Minhaj ameshika kuwa mali yatazamwa siku ya mauti. Na wakati wa kugawa, kitu kisichogawanyika sawasawa kwa vipimo hugawanywa kwa thamani. Hapo Minhaj imesema zaidi: mgawanyo usiohitaji kutia thamani watosha mgawaji mmoja, lakini ukihitaji kutia thamani ni lazima wawe wawili. Tazama basi, ndugu yangu, jinsi mafakihi walivyokuwa na hadhari. Walijua kuwa macho ya mtu mmoja juu ya bei hayatoshi kuamini, hata akiwa mwadilifu.

Na sasa tutazame yanayopita katika nyumba zetu. Tutoe mfano. Mtu amekufa, ameacha mke, watoto wawili wanaume na watatu wanawake. Hesabu yake ni nyepesi: mali hufanywa mafungu manane. Mke apata moja, kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Mali aliyoacha ni nyumba. Mtoto mkubwa yumo ndani ya nyumba hiyo, naye ataka kuishika na kuwalipa wenziwe. Bei ya nyumba hiyo, lau ingalitiwa sokoni, ni shilingi 4,000,000. Lakini yeye asema, “Tuifanye 1,600,000, sisi ni ndugu.” Wote wanyamaza. Kila dada apewa shilingi 200,000, na mama 200,000, na ndugu wa pili 400,000, na watu wasema mirathi imegawanywa kwa sharia. Lakini haki ya kila dada ilikuwa 500,000, na ya mama vivyo hivyo, na ya ndugu wa pili 1,000,000. Aliyeishika nyumba amelipa 1,200,000 mahali pa 3,000,000. Shilingi 1,800,000 zimetoka katika mikono ya mama yake, na dada zake, na ndugu yake zikaingia katika mkono wake, na hapana aliyeliona fungu limekosewa, kwa sababu fungu halikukosewa. Bei ndiyo iliyokosewa.

Bei hii hupunguzwa kwa njia nyingi. Wako washikao bei ya zamani, wakasema baba alikinunua kiwanja kwa shilingi kadha wa kadha, kama kwamba kiwanja kilikufa siku kilipouzwa. Wako washikao bei iliyo katika daftari la kodi ya ardhi ya serikali, na aghlabu daftari hilo latazama kiwanja peke yake pasi na jengo, tena laweza kukaa miaka mingi bila ya kubadilishwa. Na wako wenye bei mbili: akiwa yeye ndiye mnunuzi, nyumba ni mbovu, dari yavuja, mtaa umeharibika, na akiwa yeye ndiye mwenye kuuza fungu lake, nyumba ile ile i mahali pazuri, na wageni waiulizia kila siku. Huyu na asome Suratul Mutaffifin aitie moyoni. Mwenyezi Mungu amewaahidi adhabu wale ambao wakijipimia hutaka kipimo kitimie na wakiwapimia watu hupunguza. Aya hizo hatuzisomi kwa wauza mchele na sukari peke yao.

Tena iko nyumba ya desturi yetu, nyumba bila ya ardhi, ambayo Mombasa na sehemu nyingine za pwani zinaijua sana. Jengo ni la huyu na kiwanja ni cha yule, na mwenye jengo hulipa kodi ya kiwanja. Hapa watu hukosea pande mbili. Wengine huithamini kama kwamba ardhi ni ya maiti, wakamdhulumu yule anayetakiwa alipe fedha kwa wenziwe. Na wengine husema kuwa nyumba isiyo na ardhi si kitu, ni miti na udongo tu, wakawadhulumu wanaotakiwa walipwe. Kweli ni katikati. Nyumba hiyo huuzwa na kununuliwa, vyumba vyake hukodishwa, na mahali ilipo pana athari katika bei yake. Basi na ithaminiwe kama inavyouzwa kwa hali yake hiyo, na kodi ya kiwanja iliyochelewa itolewe kama madeni mengine.

Na shamba la minazi vilevile. Si haki kusema ekari mbili kwa ekari mbili, ikiwa huku kuna minazi inayozaa na kisima, na huku kuna jangwa la mawe. Dhahabu ipimwe kwa uzito wake na bei ya siku ya kugawa, si ya siku iliponunuliwa. Lakini kwanza ijulikane ni ya nani, kwani dhahabu ambayo mume alimpa mkewe katika uhai wake ikawa mkononi mwake ni milki yake, haiingii katika hesabu. Duka lithaminiwe kwa bidhaa zilizomo, na madeni linayodai, na madeni linayodaiwa. Fedha iliyo benki, au katika chama cha akiba, au katika simu ya marehemu, yote ni mali ya maiti; na aliyeandikwa jina lake kuzipokea amepewa amana, hakupewa urithi. Lakini kilichokuwa wakfu si mali ya maiti, hakithaminiwi wala hakigawanywi, hata kama marehemu alikisimamia miaka hamsini.

Na kodi za vyumba tangu siku ya mauti? Hizo ni za warithi wote kwa mafungu yao. Mtu asikusanye kodi miaka mitano kisha akaja kuthamini kuta tu.

Watu wana nyudhuru zao, na yatupasa tuzijibu kwa insafu.

Husema wengine: kuleta mthamini mapema ni tamaa, watu watatusema kuwa hata kaburi halijakauka. Twasema: sharia haikuweka kuwa mali ikae mpaka arubaini au mpaka mwaka. Tena ajabu ni kuwa watu hao hao wanaoona haya kuhesabu mali hawaoni haya kuipikia pilau watu mia siku ya tatu na siku ya arubaini, na fedha zatoka katika mali ambayo ndani yake mna fungu la yatima. Kuhesabu ndiko kunakomhifadhi yatima. Kupika ndiko kunakomla. Na Mwenyezi Mungu ametuonya katika aya ya 10 ya Suratu Nnisaa kuwa alaye mali ya mayatima kwa dhuluma ala moto ndani ya tumbo lake. Lililo kweli ni kuwa mke yu katika eda ya miezi minne na siku kumi, naye hana ruhusa ya kutolewa nyumbani wala kuhangaishwa. Lakini kuiandika mali na kuithamini hakumtoi mtu nyumbani. Na ucheleweshaji una msiba wake: leo warithi ni sita, kesho mmoja wao hufa akaacha wanawe, na yule naye hufa, mpaka nyumba ya vyumba sita ikawa na warithi arubaini wasiojuana, na hapana awezaye tena kusema nani ana nini.

Husema wengine: nyumba ya baba haiuzwi. Ni maneno mazuri, na mwenye kupenda kuhifadhi nyumba ya wazazi wake hatumlaumu. Lakini heshima ya baba na ilipwe na anayeishika nyumba, isilipwe na dada zake.

Husema wengine: mimi ndiye niliyemuuguza baba, na mimi ndiye niliyeezeka paa na kujenga ukuta. Huyu ana neno la kusikizwa, wala si haki kulitupa. Akiwa alitoa fedha kwa mapatano kuwa zitarejeshwa, hilo ni deni, naye alete ushahidi, alipwe kabla ya mirathi kugawanywa. Na akiwa alitoa kwa wema wake, basi ujira wake uko kwa Mola wake, nao ni mkubwa kuliko nyumba. Lisilofaa ni kuichukua haki hiyo kwa siri ndani ya bei. Haki ya kweli huwekwa mbele ya watu na kuitwa kwa jina lake.

Na udhuru ulio mkubwa kuliko zote ni huu: “Dada zangu wamekwisha kunisamehe.” Hapa, ndugu yangu, simama utazame sana. Wamesamehe nini? Katika madhehebu yetu, kauli iliyoshikwa ni kuwa kumsamehe mtu kitu ambacho anayesamehe hajui kadiri yake hakusihi. Dada aliyeambiwa, “Fungu lako ni kidogo tu, niachie,” naye hajui kama ni laki mbili au laki tano, hakusamehe kitu kwa sharia. Amenyamaza. Na kunyamaza kwa dada mbele ya kaka yake mkubwa, na wazee wamekaa barazani, na mama alia ndani, twajua sote kwafanywa na nini. Wanavyuoni wamesema kuwa kinachochukuliwa kwa upanga wa haya ni mfano wa kinachonyang'anywa. Lau dada ataka kusamehe kweli, basi na aambiwe kwanza: nyumba yetu ina thamani hii, fungu lako ni shilingi hizi, nazo hizi hapa. Kisha aachwe siku kadha aende zake kwake. Akirudi akasema, “Kaka, nimekupa,” basi hiyo ni zawadi halali, ale kwa raha. Thamani itangulie, na msamaha ufuate.

Tutapataje basi bei ya haki? Tuna mfano katika sira. Baada ya Khaibar kufunguliwa mwaka wa 7 wa Hijra, Mtume s.a.w. aliwaachia Mayahudi wa huko mashamba yao wayatumikie kwa nusu ya mavuno, akawa akimtuma Abdallah bin Rawaha kukadiria tende zilizo mitini. Walitaka kumhonga kwa mapambo ya wake zao awapunguzie, akakataa, akawaambia kuwa chuki yake kwao haitamfanya awadhulumu, na rushwa yao ni haramu hawaili. Na alipokwisha kukadiria alikuwa akiwapa hiari: wakitaka, wachukue wao tende kwa makadirio hayo watoe nusu yake, na wakitaka, atachukua yeye, awape wao nusu. Wakakiri wenyewe kuwa kwa uadilifu kama huu ndiko mbingu na ardhi zilikosimama.

Hiki ndicho kipimo, nacho hakihitaji kisomo kikubwa. Ewe unayesema nyumba ni shilingi 1,600,000, je, uko radhi dada yako aichukue yeye kwa 1,600,000 akulipe wewe fungu lako utoke? Ikiwa uko radhi, bei yako ni ya haki. Ikiwa moyo wako umeshituka kwa kusikia neno hili, basi moyo wako umekwisha kutoa hukumu kabla ya kadhi.

Lakini katika zama zetu tusitegemee makadirio ya nyumbani peke yake. Kenya ina sheria ya wathamini, na wako watu walioandikishwa kwa kazi hii, wanaojua bei za viwanja na majengo na wanaoweka saini zao juu ya wasemayo. Na achaguliwe asiye na udugu wala biashara na mrithi yeyote. Na wakiwa wawili, ndivyo inavyolingana na waliyosema mafakihi. Aambiwe wazi kuwa yatakiwa bei ya soko ya leo, kwa ajili ya kugawa mirathi, kwani bei ya kukopea benki au ya kuuza kwa haraka yaweza kuwa nyingine. Warithi wote wapate nakala ya maandishi yake, wanawake kwa wanaume, na mwenye kuwasimamia watoto wadogo apate ya kwao. Ama ujira wake, msiuogope: Minhaj imesema kuwa ujira wa mgawaji, usipotoka katika hazina ya Waislamu, huwa juu ya washirika, kila mtu kwa kadiri ya fungu lake; na ujira wa mthamini twauona katika njia hiyo hiyo. Mwenye thumni alipe thumni ya ujira. Ni kidogo kuliko kinachopotea bila yake.

Na warithi wakitofautiana, mlango wa kadhi u wazi. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ilirekebishwa mwaka 1990 ikawekwa wazi kuwa mali ya Muislamu aliyekufa yarithiwa kwa sharia ya Kiislamu. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeyataja mambo ya mirathi katika yaliyo chini ya mahakama ya kadhi, pande zote zikiwa ni Waislamu na zikikubali kuhukumiwa hapo. Basi dada akienda kwa kadhi kutaka nyumba ithaminiwe, msimwite mvunja udugu. Mke wa Saad bin Rabii, aliyeuawa Uhud, alikwenda kwa Mtume s.a.w. na binti zake wawili kushitaki kuwa ami yao ametwaa mali yote. Mtume hakumwambia arudi akasitiri aibu ya jamaa. Aya za mirathi ziliteremka, na ami yao akaamrishwa awape binti thuluthi mbili, na mama yao thumni, na kilichobaki ndicho chake. Mashitaka ya mwanamke mmoja yamekuwa ni rehema kwa umma mzima mpaka Siku ya Kiyama.

Wala kadhi naye hamuokoi mwongo. Mama wa Waumini Ummu Salama amepokea kuwa watu wawili walimwendea Mtume s.a.w. wakigombania mirathi ya zamani, wala hawana ushahidi ila madai yao. Akawaambia kuwa yeye ni mwanadamu, na huenda mmoja wao akawa hodari wa kusema kuliko mwenziwe, akamhukumia kwa anayoyasikia. Basi atakayekatiwa kitu katika haki ya nduguye asikichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Wale wawili wakalia, na kila mmoja akasema: haki yangu ni ya ndugu yangu. Akawaamrisha waende wakagawane, waitafute haki, wapige kura, kisha kila mmoja amhalalishie mwenziwe.

Tazameni utaratibu huo. Machozi yao hayakutosha, na ukarimu wao wa ghafula haukutosha. Waliambiwa waitafute haki kwanza, yaani ijulikane, kisha kura, kisha ndipo kuhalalishiana. Sisi twaanza na kuhalalishiana, tukaiacha haki haikutafutwa, ndipo udugu wetu ukafa kimya kimya: dada haji tena siku ya idi, na watoto wa shangazi hawawajui watoto wa mjomba, na kila mtu auliza imekuwaje.

Basi, ndugu yangu uliyeshika nyumba ya marehemu baba yako, nawe wajua kuwa haikuthaminiwa, mlango haujafungwa maadamu u hai na dada zako wa hai. Mwite mthamini. Waite dada zako. Waambie bei, walipe kilichobaki, hata kwa mafungu mafungu ikiwa huna kwa mara moja. Mtume s.a.w. ametuonya kuwa mwenye kudhulumu shubiri moja ya ardhi atavikwa shingoni kutoka katika ardhi saba. Nawe u katika nyumba nzima.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe nyoyo zinazoiogopa haramu hata ikija kwa jina la udugu, awarehemu wafu wetu, na awahifadhi mayatima na wajane katika mali zao. Amin.